Siku Bata wa Bahija Alipoingia Baharini

Kwa miaka kumi na minane Bahija alikwenda Ras el-Bar, ufukweni mwa Misri, kila Agosti na hakulowesha goti. Mwaka wa kumi na tisa aliingia mpaka shingoni, tena na nguo zake zote, na aliyemwingiza ni bata.

Wasiomjua watadhani alikuwa mwoga wa maji. Bahija mwoga! Mwanamke aliyemfukuza mwizi wa nguo juu ya mapaa manne mjini Tanta, akarudi na mashuka yake yote na kiatu kimoja cha mwizi. Hakuwa mwoga, alikuwa na kazi. Kwake yeye likizo ya bahari ilikuwa ni kulihamisha jiko. Mumewe, Shawki, mkata tiketi wa reli, alikuwa akifunga kijisanduku chenye kaptula mbili na gazeti. Bahija akifunga masufuria matano, mtungi wa gesi, magodoro, gunia la mchele, kopo la samli, na kapu la mabiringanya na pilipili hoho ambazo angezijaza mchele kila alfajiri. Watu wengine walishuka ufukweni na taulo mabegani. Yeye taulo lake lilifunga sufuria lisipoe.

Akishafika chini ya mwavuli, anakaa. Nani mwingine angekaa? Shawki keshafunika uso kwa gazeti na anakoroma. Watoto wamo majini. Kuna saa za mkononi za kulinda, kuna kandambili, kuna mkufu, na zamani kulikuwa na meno ya bandia ya mama yake Shawki, Mungu amrehemu, yaliyokaa kwenye bilauri likizo saba mfululizo chini ya ulinzi wa Bahija, na hayakupotea hata siku moja.

"Mama Najwa, njoo uingie! Maji matamu!" Shawki angeita kila mwaka, akiamka na kujitumbukiza mpaka kitovuni.

"Matamu yamo kwenye mtungi," Bahija angejibu. "Hayo yana chumvi, na watoto wa watu wamekojoa humo tangu asubuhi."

Na bado, siku zile kumi alizipenda kuliko siku zote za mwaka. Ukweli ni kwamba alikuwa na kiti cha mbele kwenye mchezo usiokwisha. Angemwona bwana harusi mpya akijitia bingwa wa kuogelea mbele ya mkewe, halafu wimbi linamrudisha bila kaptula. Angewaona mabibi waliofukiwa kwenye mchanga wa moto kwa ajili ya magoti yao, vichwa tu viko nje, wakigombana kichwa kwa kichwa juu ya mapishi ya bamia. Muuza vibiskuti vya asali angepita na sanduku lake la kioo, na Bahija angemwambia vya mwaka jana vilikuwa vinene zaidi, naye angeapa kwa macho yake mawili, na hiyo ilikuwa salamu yao. Akirudi Tanta alikuwa na ya kuwahadithia majirani mpaka Desemba.

Mwaka wa kumi na tisa mambo yalikuwa mengine. Najwa, binti yake mkubwa, alikuwa ameposwa na Samih, mchonga samani wa Dumyat, mji ulio jirani kabisa na Ras el-Bar. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro: mpole, mikono ya dhahabu, masikio makubwa kidogo. Kasoro ilikuwa mama yake, Hajati Inayat. Na hata huyo hakuwa mbaya, ila alikuwa na kumbukumbu.

Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa tatu. Chini alikaa Inayat na mumewe, Haji Zaghlul. Katikati alikaa mwana wao mkubwa na mkewe. Juu ndiko Najwa angekaa. Sasa huyo mke wa katikati, mwaka wa sita yumo humo ndani, ana watoto watatu, anapika, anafua, anasali, na bado Inayat akimtaja kwa majirani husema "yule wa kuku." Kisa chake ni kwamba siku ya kwanza ukoo wa Inayat ulipokwenda kula kwao, mama wa huyo binti aliwapa kuku. Watu wa Dumyat! Watu ambao bata kwao ni kama ngano kwa mkate, wanaomjaza vitunguu vya kukaanga mpaka tumbo linakaribia kusema! Ukawape kuku?

Najwa alimhadithia mama yake habari hiyo akicheka. Bahija hakucheka.

"Wewe unacheka," alisema. "Utacheka ukiwa na wajukuu na bado unaitwa kuku?"

"Mama, Samih mwenyewe anasema ni utani tu."

"Utani wa mamamkwe hauzeeki. Nyamaza, niache nifikiri."

Mwaliko ulikwisha kutolewa. Watu wa Samih wangekuwa Ras el-Bar wiki ileile, na Ijumaa baada ya sala wangekuja kula kwenye nyumba aliyopanga Shawki. Basi Bahija akapanda juu ya paa lake la Tanta, akawatazama bata wake kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kama daktari wa jeshi, akamchagua dume mmoja mweupe mwenye kifua kipana. Kwa siku arobaini alimlisha kwa mkono. Anamkalia, anampanua mdomo, anamsukumia maharage yaliyolowekwa, anamkanda shingo yashuke, asubuhi na jioni. Wiki ya mwisho akampandisha daraja, akampa mahindi. Mervat, kitinda mimba wake wa miaka tisa, alimwita bata huyo Mkaguzi, kwa sababu alitembea kama mkaguzi wa reli aliyekuja siku moja ofisini kwa baba yake, kifua mbele na asimsalimie mtu.

Mkaguzi alisafiri hai mpaka Ras el-Bar, kichwa nje ya kapu. Bata aliyechinjwa Tanta akaliwa Ras el-Bar? Bahija asingethubutu kumtajia Inayat neno kama hilo.

Wakamweka bafuni, maana hapakuwa na pengine. Nyumba ilikuwa na bafu moja na watu wanne, na kuanzia siku hiyo bata alikuwa wa tano na ndiye mwenye bafu. Shawki alinyoa ndevu barazani, anatazamwa na mtaa mzima. Najwa alioga akiwa na beseni kichwani kwa kuogopa kudonolewa.

"Mama Najwa," Shawki alisema siku ya tatu, "mimi nimelipia nyumba au nimelipia banda?"

"Umelipia ndoa ya mwanao. Ingia, ukimaliza funga mlango, na usimtishe. Akitishika anakonda."

"Na mimi nikitishika?"

"Wewe unaweza kukonda kidogo."

Alhamisi, siku moja kabla ya wageni, mwenye nyumba akaleta fundi wa bomba. Mafundi Bahija anawajua: mlango wanaufungua, kuufunga ni kazi ya wengine, na ngazini kulikuwa na paka wa rangi ya tangawizi aliyekuwa ameshapita mara nne akiuliza hali. Bahija hakubahatisha. Akamtia Mkaguzi ndani ya kapu, akashuka naye ufukweni, akamfunga mguu kwa kamba kwenye nguzo ya mwavuli, akamwekea beseni la maji, akakaa. Watu walitazama. Bahija aliwatazama pia, wakaacha.

Ikafika saa tano, saa ya kulisha. Huwezi kumlisha bata aliyefungwa mguu, anajipinda. Bahija akafungua fundo.

"Mama, atakimbia," Mervat alisema.

"Akimbilie wapi?"

"Baharini."

Bahija alicheka. Hapa ndipo alipokosea, na alikosea kwa moyo mweupe kabisa. Bata huyu alizaliwa juu ya paa, ghorofa ya tano, na mama yake alizaliwa hapohapo. Maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya beseni. Watu wa Tanta wanafuga bata juu ya mapaa tangu mababu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akiogelea. "Huyu ni bata wa paa, mwanangu," alisema. "Ukimtia majini anazama kama pasi."

Mkaguzi akanyoosha shingo. Akageuza kichwa, jicho moja likaitazama bahari. Sijui bata akiona kitu ambacho damu yake yote imekingoja hujisikiaje, lakini Bahija anasema alimwona akivuta pumzi ndefu. Halafu akaondoka. Hakukimbia, mkaguzi hakimbii. Alitembea, kifua mbele, na kamba inaburuta nyuma, akapita katikati ya miavuli, akapita juu ya tumbo la bwana mmoja aliyelala, akampita muuza vibiskuti aliyebaki mdomo wazi, akaingia majini, na wimbi la kwanza lilipokuja akalipanda kama amezaliwa nalo.

"Anazamaaa!" Bahija alipiga ukelele uliomwamsha Shawki pamoja na miavuli mitatu ya jirani.

"Nani anazama?" Mlinzi wa ufukwe alikwisha shika filimbi.

"Chakula cha Ijumaa!"

Mkaguzi hakuwa anazama. Alikuwa anaelea, ametulia, mkia juu, kama afisa aliyeanza likizo yake ya mwaka. Mlinzi akapuliza filimbi akamwonyesha bendera. Shawki, akiwa nusu usingizini, akakimbilia majini upande usio wenyewe. Najwa alikuwa amekaa mchangani, amecheka mpaka hana nguvu ya kusimama, na mama yake hakumsamehe kwa hilo hadi Jumapili.

Bahija akatazama. Siku arobaini. Bata wa sokoni hakuna, bata wa sokoni ni manyoya na mifupa, na Inayat angemjua kwa kumgusa tu. Aliyaona yote mbele ya macho yake: Najwa na wajukuu na nywele za mvi, na sauti kutoka ghorofa ya chini ikisema "yule ambaye mama yake hakutupa kitu."

Akaziacha saa. Akaziacha kandambili. Aliziacha zote bila mlinzi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akaingia.

Maji yalimfika gotini, akasema "Oh!" Yakamfika kiunoni, jalabia yake ikajaa hewa ikavimba, akawa anaonekana kama kuba lililotoka mahali pake. Wimbi likampiga kifuani. Angepaswa kupiga kelele, na watu wote waliokuwa wakitazama walingoja apige. Badala yake akacheka. Mguu haukugusa chini, mwili wote wa Bahija, uliokuwa umesimama jikoni miaka ishirini na tano, ukanyanyuliwa ukawa hauna uzito, kisha ukawekwa chini taratibu. Akacheka tena. Wimbi la tatu akalingojea kwa hamu.

"Shawki!" alipiga kelele. "Mbona hukuniambia?"

"Nimekwambia miaka kumi na minane!"

"Ulisema matamu! Hukusema yanabeba!"

Halafu akamkumbuka bata. Akamsogelea, bata akasogea mbele. Akaharakisha, bata akaharakisha. Akamwita kwa ile sauti ya kulishia, na hapo ndipo Mkaguzi alipopiga mabawa akaongeza mwendo. Samih, ambaye hakuna aliyemwona akifika, alikuwa amekwisha ruka na suruali yake iliyopigwa pasi ili amwonyeshe mchumba ushujaa, na kitu pekee alichokamata ni maji.

"Mama Najwa! Usimfukuze!"

Sauti hiyo Bahija aliifahamu. Akageuka kwa hofu, nywele zimetoka kwenye kitambaa, pua ina chumvi, jalabia imevimba. Pale ukingoni alikuwa amesimama Hajati Inayat, mwanamke mkubwa wa kimo na wa kiuno, na mkoba mkononi.

Bahija aliomba Mungu alete wimbi moja kubwa limfunike. Halikuja.

"Umemlisha kwa mkono?" Inayat aliuliza.

"Siku arobaini."

"Ndiyo maana! Umemkaba koo siku arobaini, unataka akikuona akukimbilie? Angekuwa mtu angekwenda polisi." Akampa Najwa mkoba wake, akavua viatu, akaingia majini na nguo zake nyeusi zote, polepole, kama meli inayoshushwa. "Samih, toka humo, unamtisha. Mama Najwa, njoo nyuma yangu. Inama. Asikuone."

"Niiname wapi?"

"Mpaka shingoni! Mimi hanijui. Wewe ndiye adui."

Basi ufukwe mzima wa Ras el-Bar uliona jambo ambalo wengine wanalisimulia mpaka leo: Hajati Inayat anatembea majini polepole, anaimba kitu kwa sauti ya chini, na nyuma ya mgongo wake mpana, maji yamemfika kidevuni, mama wa binti aliyeposwa anachutama na kumfuata.

"Anatazama huku?" Bahija alinong'ona.

"Kimya. Anafikiri."

"Anafikiri nini?"

"Anafikiri kwa nini mgongo wangu unaongea."

Bahija akaanza kucheka, akameza maji, akakohoa, bata akashtuka, Inayat akamrukia. Wimbi likawaangusha wote wawili. Kwa muda ilionekana mikono minne, mabawa mawili na soli ya mguu wa mtu. Walipoibuka, Inayat alikuwa ameshika mabawa, Bahija ameshika kamba, na watu wa miavuli wakapiga makofi kama walioona goli.

Inayat hakutoka majini mara moja. Alimweka bata kwapani, akapenyeza kidole chini ya bawa, akabonyeza kifua.

"Mh," Inayat alisema.

"Mh nini?"

"Maharage."

"Na mahindi wiki ya mwisho."

"Mh." Akabonyeza upande wa pili. "Kesho nitakuja saa tatu."

"Lakini Hajati, mwaliko ni baada ya sala. Wewe ni mgeni."

"Mgeni gani aliyelowa hivi? Saa tatu."

Bahija hakulala vizuri. Kuja kwake jikoni ni heshima au ni matusi? Anakuja kusaidia au kukagua? Shawki alisema mwanamke aliyeinama nyuma ya mgongo wa mwenzake majini hana tena cha kuficha. Bahija akamwambia alale.

Ijumaa alfajiri Shawki akamchinja Mkaguzi, Mervat akalia mpaka saa nne, kisha akauliza bawa ni la nani. Saa tatu kamili Inayat alikuwa mlangoni na aproni yake mwenyewe ndani ya mfuko na kilo mbili za vitunguu. Jiko lilikuwa la upana wa kabati. Wanawake wawili wa umbo lile ndani yake walikuwa kama mito miwili ndani ya foronya moja.

"Tumbo unalijaza nini?" Inayat aliuliza.

"Sisi tunajaza mchele na maini."

"Mchele!" Alisema kama mtu aliyeonyeshwa kiatu ndani ya supu. "Mchele weka sahani ya pembeni. Tumboni vitunguu, pilipili manga, iliki kidogo. Sogea."

"Jiko langu hili, Hajati."

"Na kijana ni wangu. Sogea kidogo."

Bahija akasogea, lakini kidogo kweli. Wakamenya vitunguu wakilia wote wawili, na katika kulia huko Inayat akamweleza kwamba naye alipoolewa, mamamkwe wake alimwita "fimbo" miaka kumi na moja, kwa vile alikuwa mwembamba.

"Wewe? Mwembamba?"

"Nilinenepa kwa hasira."

Wakamtia bata chunguni. Bahija akaenda bafuni, lililokuwa huru kwa mara ya kwanza wiki nzima, akaoga, akavaa gauni la wageni. Aliporudi alimkuta Inayat akipangusa mikono, anatoka kwenda kufunga kitambaa chake mbele ya kioo. Bahija akachungulia chungu. Akafikiri: huyu kajishughulisha na vitunguu vyake, chumvi hakukumbuka, na nikimuuliza atasema watu wa Tanta wanauliza kila kitu. Akachota vijiko viwili vilivyojaa, akatia, akakoroga, akafunika. Hakuonja. Kwake kuonja chungu mbele ya mgeni ni kukiri kwamba huna uhakika.

Baada ya sala wakaja wote: Haji Zaghlul mbele, Samih na masikio yake yamekuwa mekundu kwa jua la jana, kaka yake na mkewe, yule wa kuku, mwanamke mtulivu mwenye macho ya kucheka. Wakakaa. Bata akaingia kwenye sinia, ametolewa chunguni akakaangwa rangi ya shaba, anang'aa, miguu juu, na chumba kikanyamaza kwa adabu. Bahija akamrarua kwa mikono yake kama ilivyo desturi, akampa kila mtu fungu lake. Paja la kwanza akalitia mbele ya Inayat.

Haji Zaghlul akatia tonge la kwanza. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena.

"Maji, binti yangu," alimwambia Najwa.

Najwa akamletea. Akanywa, akala tonge la pili, akaomba maji tena. Samih alikuwa anakula kishujaa, macho yamemtoka. Shawki akakohoa ndani ya kitambaa. Mke wa ghorofa ya katikati akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Haji akainua bilauri mara ya tatu.

Bahija akaonja. Ilikuwa chumvi ya vijiko vinne. Akainua macho, na akamkuta Inayat ametulia na tonge la vitunguu mdomoni, anamtazama. Hapo wakaelewana bila neno. Huyu alitia, na yule alitia. Kila mmoja nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Sasa Bahija angefanya nini? Aseme "ni mama yako, Samih, aliyetia"? Ndoa imekwisha. Akubali kosa peke yake? Najwa ataitwa "chumvi" mpaka kaburini. Watu wote walikuwa wameacha kula na wanatazama sahani zao, na Haji Zaghlul akafungua mdomo aseme.

"Mnashangaa nini?" Inayat alitangulia, kwa sauti kubwa. "Kashinda baharini jana. Bata akinywa bahari, nyama yake inakuwa hivi."

Haji Zaghlul, mtu aliyekula bata wa Dumyat miaka sitini, akamgeukia mkewe.

"Inayat, tangu lini bata ak..."

"Inakuwa hivi," alisema mkewe.

"Inakuwa hivi," Haji alikubali, akanywa maji.

"Alikunywa sana," Bahija alisema. "Mimi niliona. Kila wimbi anakunywa."

"Nilimwambia Mama Najwa palepale majini," Inayat aliendelea, "kwamba bata huyu amelishwa kifalme, kifua kama mto wa bwana harusi, ila bahari itatuharibia. Ni bahati mbaya ya mtu aliyekwenda kumlisha hadi ufukweni. Nani mwingine angejisumbua hivyo?" Akalinyanyua paja lililokuwa mbele yake, bado zima, akainama juu ya meza akalitia kwenye sahani ya Najwa. "Kula, mwanangu. Ngazi za kwangu ni nyingi, unahitaji nguvu."

Chumba chote kilimtazama Najwa, kwa sababu kila mtu alijua maana ya mamamkwe kutoa paja lake: keshampokea. Najwa akauma. Akatafuna. Machozi yakamjaa, yakamwagika mashavuni, na wote wakasema maskini, moyo wa bibi harusi ni mwepesi. Samih akamsogezea maji. Mervat alikula bawa lake lote na la babake na akasema hajawahi kula kitu kitamu hivyo, lakini Mervat alikuwa mtoto wa kulamba chumvi kwenye kiganja.

Baadaye, wanaume walipokwenda barazani na chai, Bahija na Inayat wakajikuta wawili kwenye karo, wakinawa.

"Ulitia ngapi?" Inayat aliuliza bila kumtazama.

"Viwili. Wewe?"

"Viwili. Vilivyojaa."

Bega la Inayat likaanza kutikisika kwanza, halafu la Bahija, wakaegemeana juu ya karo wakacheka mpaka Shawki akauliza kutoka barazani kuna nini.

"Hakuna!" waliitikia pamoja.

"Sikiliza, mkwe," Inayat alisema, akijifuta macho kwa upande wa aproni. "Siku ya harusi chumvi anatia mmoja."

"Nani?"

"Mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu nitakuwa kwetu."

"Harusi itakuwa Tanta, Hajati."

Inayat akamtazama, akafunga bomba.

"Hilo," alisema, "bado hatujalizungumza."